Mjadala: Skrubu ndani ya piano, muziki au fujo?

Kwaya_Jinja: Wadau, mwalimu wetu mpya wa kwaya katuletea rekodi za John Cage, yule Mmarekani aliyekuwa akichomeka skrubu, boliti na mpira kati ya nyuzi za piano. Sasa anataka vijana wajaribu kwenye piano ya parokia. Tumeichangia miaka mingapi, leo tuipigilie misumari?

Mama_Alto: Si ndiye huyohuyo aliyetunga wimbo wa mtu kukaa mbele ya piano dakika kumi bila kuigusa? Mjukuu wangu analala muda mrefu kuliko huo, mbona hatumpigii makofi?

Nyuzi88: Nnyabo, si kumi. Ni dakika 4 na sekunde 33, mwaka 1952, na aliyekaa ni mpiga piano David Tudor. Na misumari haipo! Vitu vinachomekwa taratibu, vikitolewa piano inarudi ilivyokuwa. Yote yalianzia Seattle, 1940. Mcheza dansi Syvilla Fort alitaka muziki wa dansi yake yenye sura ya Kiafrika, Cage akataka ngoma nyingi, ukumbi ukawa mdogo, pana piano tu. Akaigeuza piano yenyewe iwe ngoma. Baadaye katika utungo wake Sonatas and Interludes akatega noti 45, yaani akazichomekea vitu nyuzi zake.

Boda_Ntinda: Sura ya Kiafrika, Seattle! Endongo, kinanda cha nyuzi cha Waganda na Wasoga, nyuzi zake zinagusa ngozi ya kenge makusudi zivume. Leo tufundishwe mivumo na mzungu? Hata adungu, kinubi cha Waarua, ina mengi kuliko hiyo piano yenu.

Pakwach_Moja: Ya nani?? Adungu ni ya Waalur. Arua ni mji.

Boda_Ntinda: Nimesema kwa ujumla tu, kaka. Watu wa West Nile, kaskazini-magharibi huko.

Pakwach_Moja: Ujumla huohuo ndio uliotufanya sote wa West Nile tuitwe watu wa Idi Amin.

Bombo_Mnubi: Amin kaingiaje kwenye piano? Sisi Wanubi tumekaa kimya, msituchokoze.

Mama_Alto: Na hicho Kiswahili chenu cha kambini, cha wanajeshi, mkiache hukohuko.

Bombo_Mnubi: Mama, hicho cha kambini ndicho unachotutukania hapa.

Nyuzi88: Jamani, Cage! Sikilizeni Drukqs, albamu ya mwanamuziki Aphex Twin, 2001, piano za kutegwa zimejaa. Na Kubik, mtafiti wa muziki wa Austria, alijifunza amadinda, ile marimba ya Waganda, kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Wageni nao wamekaa chini wakafundishwa kwetu.

Boda_Ntinda: Muyinda alilipwa shilingi ngapi?

Pakwach_Moja: Bado hujaomba radhi kuhusu adungu.

Boda_Ntinda: Haya, ya Waalur. Umeridhika?

Pakwach_Moja: Andika tena bila "haya".

Kwaya_Jinja: Ndugu zangu, mazoezi ni Jumamosi na mwalimu keshanunua boliti.

Mama_Alto: Za ukubwa gani? Mlango wa kuku wangu umelegea.

Pakwach_Moja: Parokia ikitaka adungu ya besi, nina binamu anachonga.