Naomba ushauri: nibadilishe kadi ya grafiki au prosesa ili macOS ikubali?

Hamjambo wenzangu. Niko Kondele, Kisumu, narekodi kwaya na vijana wa benga, na nataka sana kutumia Logic Pro, programu ya Apple ya kurekodi muziki inayokwenda kwenye Mac. Mac siwezi kununua kwa sasa, kwa hivyo najaribu kuweka macOS Ventura, mfumo endeshi wa Mac, kwenye PC kwa kutumia OpenCore, programu inayowezesha PC ya kawaida kuwasha macOS. Najua Apple hairuhusu wala haitoi msaada kwa mashine kama hii.

PC ina Core i5-10400F, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki ya GTX 1650 na pawasaplai ya wati 350. Flashi ya kuwekea macOS inawaka vizuri, lile tufaha la Apple linatokea, mstari unafika nusu, kisha skrini inakuwa nyeusi tii. Nimeitengeneza flashi upya mara 3 na kubadilisha mipangilio ya BIOS, wapi! Juzi ndipo nikaelewa kwamba GTX 1650 haina draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya macOS kabisa, na ile herufi F kwenye i5-10400F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Yaani sina pa kushika.

Nina shilingi 15,000. Je, ninunue kadi ya grafiki ya RX 580 ya mtumba, ambayo inakula wati 185 na itanilazimu kubadilisha pawasaplai pia, au niuze hii F nichukue i5-10400 ya kawaida yenye grafiki ya ndani ya UHD 630? Kazi yangu ni sauti tu, video sigusi.

Na kwa aliyetumia UHD 630 na Logic: wimbo wa traki 40 unakwenda bila kukwama?