Naombeni ushauri: jeshi la wafu linatushinda kubalansi
Wakuu habari za jioni. Sisi wanne hapa Tanga kila Jumapili tunakutana barazani Ngamiani tunacheza vita vya mezani, vile vya sanamu ndogo za askari na dadu, sheria tumetunga wenyewe. Shida ni jeshi la wafu la mdogo wangu. Ana askari wa mifupa 20, kila mmoja pointi 5 (ndo bei ya kumweka jeshini), jumla 100, halafu mchawi wake kila raundi anarusha dadu moja anafufua idadi inayotokea, sasa piga hesabu, wastani wa dadu ni 3.5, raundi 6 ni 21, yaani kapata kikosi kizima bure! Na hawaogopi hawakimbii, wangu wakizidiwa wanatimka.

Nikapandisha kila mfupa uwe pointi 8, dogo akapigwa mechi tatu mfululizo akasusa, na mimi sitaki hivyo maana ile mifupa kaipaka rangi wiki nzima kwa mkono wake jamani.

Kwenye Warhammer ya zamani (mchezo maarufu wa vita vya mezani) jemadari wa wafu akiuawa jeshi linaanza kuporomoka lenyewe, hiyo naipenda sana, ila yeye mchawi anamficha nyuma kabisa. Nimlazimishe awe ndani ya sentimita 20 kutoka kwa mifupa yake ndo afufue? Au afufue tu, lakini wasizidi idadi walioanza nayo? Mliowahi kucheza nisaidieni kabla ya Jumapili.