Naomba ushauri: simu imenimaliza nguvu
Wakuu, habari zenu. Jana usiku nilishika simu niangalie saa tu. Nakuja kushtuka ni saa nane, macho yanawaka. Arifa nilishazima, nikageuza na kioo kiwe cheusi na cheupe ili rangi zisinivute. Ilisaidia siku nne hivi. Kinachoniua ni zile video fupi, moja haijaisha vizuri nyingine imeshaanza yenyewe. Kufuta kila kitu siwezi, kazi zangu zinapitia humohumo. Zamani nilimaliza kitabu kwa siku mbili, sasa kurasa tatu tu mkono unapapasa mfukoni. Na uchovu huu, wakati sijabeba hata gunia! Aliyewahi kujinasua na kurudia uchangamfu wake, ulianzia wapi? Simu mnailaza chumba kingine?