Umeme wa joto la jua: tukichomelea wenyewe, bei inashuka kweli?

Fundi Kizota

Wakuu, heshima kwenu.

Nina karakana ya kuchomelea hapa Kizota, Dodoma. Mageti, madirisha, minara ya matangi ya maji, hizo ndizo kazi zangu. Juzi mpwa wangu anayesoma ufundi mitambo kanionyesha picha za Ouarzazate kule Morocco. Vioo vimepindwa kama mfereji wa bati, safu kwa safu mpaka macho yanachoka, nusu milioni kwenye awamu ya kwanza tu. Vinapasha mafuta, mafuta yanachemsha maji, mvuke unazungusha tabo, ile mashine inayozalisha umeme. Megawati 160, imezinduliwa 2016. Nikamuuliza, mbona sisi hatuna? Akanijibu neno moja: ghali.

Nikaikodolea macho ile picha. Chini ya vioo naona bomba, angle, boliti na zege. Mbona hizo ni kazi zangu! Swali langu: fremu, misingi na hata vioo vikitoka hapahapa, bei itashuka? Au kuna kitu sikioni? Naomba ajibu mtu aliyewahi kushika spana, za vitabuni mpwa wangu anazo nyingi.

Jua Kali 77

Mkuu, funga paneli za Mchina ulale. Mambo ya vioo hata wenye hela zao wameyaacha.

Mzee wa Fokasi

Spana nimeshika. Nilikaa Dubai miaka miwili kwenye kikosi cha kufunga vioo, kule jangwani kwenye mtambo wa megawati 700 wenye mnara wa mita 262. Bei waliyokubaliana ni senti 7.3 za dola kwa uniti. Kwa hiyo Jua Kali, hawajaacha. Jua likizama paneli zinazima, ule mtambo unaendelea kwa chumvi iliyoyeyushwa ikatunzwa na moto wake kwenye matangi.

Fundi, umeona sawasawa. Uwanja wa vioo ndio unaokula hela kuliko kitu kingine, na mwingi ni chuma. Lakini ngoja nikwambie kilichonitoa jasho. Mfereji mmoja wa kioo una upana wa karibu mita 6 mdomo kwa mdomo. Mwanga wote huo unatakiwa uangukie bomba nene milimita 70. Kona ya kioo ikikaa vibaya milimita chache tu, mwanga unapita kando ya bomba na umeshapotea. Ndiyo maana fremu haziungwi kwa macho kama geti. Zinalazwa kwenye kalibu kubwa ndani ya banda, zinabanwa, zinapimwa, ndipo zinatoka. Wewe mwenyewe unajua ukichomelea chuma kinavuta. Geti likivuta milimita 4 mwenye nyumba hajui. Hapa jua linajua.

Morocco walibakiza nyumbani karibu theluthi moja ya thamani ya mradi: kusawazisha ardhi, zege, nyaya, fremu. Lile bomba la katikati (chuma ndani, kioo nje, katikati hakuna hewa) linatengenezwa na viwanda vya kuhesabu vidoleni duniani kote. Tabo ndiyo usiseme. Na wewe ukisema chuma cha nyumbani, kipi hicho? Cha mgodi wa Liganga, kule Njombe, tunakisikia tangu tukiwa wadogo, bado hakijafika dukani. Bamba unalonunua limekuja na meli. Cha nyumbani ni jasho lako na umeme wa mashine.

Halafu kuna riba. Mtambo wa jua ni kama kununua mafuta ya miaka 25 siku ya kwanza, yote kwa mkopo. Ouarzazate walipata mikopo nafuu ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajerumani. Kwa riba zetu za mtaani, hata uchomelee bure hutoboi.

India walijaribu kulazimisha. Mwaka 2010 waligawa miradi 7 ya megawati 470 kwa sharti kwamba asilimia 30 ya vitu vitoke nchini. Mingi haikufika mwisho. Sababu zilikuwa nyingi, sitaki kulibebesha sharti lile lawama zote. Ila kumwambia fundi anunue mashine kwa ajili ya oda moja, bila kujua ya pili inatoka wapi, huko si kumsaidia.

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo imenifanya niandike. Mjerumani mmoja, Wolfgang Scheffler, mwaka 1986 alitengeneza sahani ya vioo kwenye misheni kaskazini mwa Kenya. Yeye alianza kwa kuangalia fundi wa kijijini ana nini, ndipo akachora. Fremu nyepesi ya vyuma, vipande vidogo vya kioo, na moto unabaki palepale kwenye sufuria wakati sahani inazunguka. Wahindi wakaichukua. Pale Abu Road, Rajasthan, watawa wa Brahma Kumaris wamesimamisha sahani 770, kila moja mita za mraba 60. Joto linahifadhiwa kwenye bonge la chuma cha kusubu, usiku linatoa mvuke. Ni megawati 1 tu, lakini sahani wametengeneza wenyewe.

Niliporudi nikatengeneza mbili za mita za mraba 8 kwa jiko la shule huko Singida. Ekseli yake lazima ilingane na mhimili wa dunia, na mchoro wetu ulikuwa wa India, nyuzi 24 kutoka ikweta. Sisi tuko nyuzi 5, nikarekebisha pembe, nikajipongeza. Saa tatu asubuhi moto umetulia kwenye sufuria. Saa sita uko nusu mita pembeni, unaunguza taulo ya mpishi ukutani. Siku tatu nakaza boliti, namlaumu kijana wangu kwamba hakupima vizuri. Kumbe India iko kaskazini ya ikweta, sisi kusini! Ncha ya juu ya ekseli ilitakiwa itazame kusini. Nikaigeuza, sufuria la lita 50 likachemka kwa saa mbili hivi, jua likiwa safi.

Fundi Kizota

Hapo umenipata mkuu. Na vioo? Nasikia siku hizi vinatengenezwa Mkuranga.

Mzee wa Fokasi

Hicho ni cha madirisha. Kitazame kwa ubavuni, utaona ukijani. Ni chuma kilichomo kwenye mchanga, na chuma kinakula mwanga. Vioo vya mitambo mikubwa vinasafishwa chuma hicho, vinarudisha asilimia 93 hivi. Kwa jiko la shule chukua kioo chembamba cha kujitazamia, hasara utaivumilia. Ila ukishakikata, paka silikoni kingo zote kabla hujakibandika. Mimi sikupaka. Mvua za kwanza zilipopita, rangi nyeusi ilianza kutambaa kutoka pembeni kama kutu, nikang'oa vipande 60.

Chebet wa Kericho

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda cha majani chai, na bili ya kuni naiona kila mwezi, kwa hivyo nimesoma hii kwa hamu. Shida ni kwamba vioo vinataka jua lenyewe, lisilofunikwa. Hapa Kericho mvua inanyesha karibu kila alasiri. Penye haja ya joto hakuna jua, na penye jua, kule Turkana, hakuna chai. Umeme wa usiku nao tunatoa Olkaria, mvuke uko tayari chini ya ardhi. Sioni nani hapa angekopa kujenga mtambo wa vioo.

Mzee wa Fokasi

Umesema kweli dada, na Dar es Salaam ni hivyohivyo, unyevu unatawanya mwanga kabla haujafika kwenye kioo. Mimi namjibu wa Dodoma. Huko anga ni kavu miezi mingi, na shule za bweni zinanunua kuni kwa lori. Fundi, achana na megawati kwanza. Tengeneza sahani 10 zinazofanana, ukifika ya kumi ndipo utajua bei yake halisi. Yangu ya kwanza ilinila wiki sita, ya pili siku tisa, kwa sababu kalibu ilikuwa tayari.

Fundi Kizota

Hiyo kalibu bado unayo?

Mzee wa Fokasi

Ipo Singida mjini, nyuma ya nyumba, kuku wanalalia. Ina urefu wa mita tatu na nusu, njoo na gari lenye kariya ndefu. Na usiikate ili ienee, nawafahamu mafundi mlivyo.