"In the boat" au "on the boat"? Bango linapakwa rangi Ijumaa

MtuWaSahare

Assalam aleikum wadau, na wa salamu nyingine habari za jioni. Mimi ni wa Sahare, hapahapa Tanga, kazi yangu chombo. Nina ngalawa aliyoniachia marehemu baba, na sasa nina boti ya mashine yenye turubai na mabenchi. Siku za kazi navua, Jumamosi na Jumapili napeleka wageni kisiwa cha Toten kutazama magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Nikiwa na bahati wanataka na chakula.

Natengeneza bango. Nimeandika "Tea and fried fish in the boat". Kijana wangu wa kidato cha tatu kaniambia, "Baba, ni on the boat." Namuuliza kwa nini, anasema ndivyo inavyosikika. Hilo nalo jibu? Sisi tulikaririshwa "in" ni ndani ya, "on" ni juu ya. Juu ya boti yangu kuna turubai. Nikiandika "on" si mgeni atataka kukwea huko?

Nauliza kwa makini kwa sababu nimeshaadhirika. Kuna mtu na mkewe walichelewa, mimi chombo nimeshakishusha, maji yamejaa, nawasubiri. Nikatuma ujumbe: "We are in the water, come quick." Nia yangu tuko majini, wawahi kabla maji hayajaanza kupwa. Jamaa wakatoka walikofikia mbio, mume kakumbatia boya la watoto la bwawani, mke machozi yanamtoka. Wakatukuta mimi na msaidizi wangu tunakunywa kahawa na kashata. Walidhani tumezama! Safari walikwenda, ila yule mama hakunisemesha mpaka Toten.

Fundi anapaka Ijumaa baada ya sala, na anatoza kwa herufi. Nisaidieni.

KahawaChungu

Chora kikombe na samaki, kaka. Samaki hana sarufi.

MwalimuMstaafu

KahawaChungu, acha utani, mwenzio ana hela inakwenda.

Ndugu wa Sahare, hiyo "juu ya" ndiyo iliyokupoteza, na sisi walimu ndio tuliokupa. Nimeifundisha hivyo miaka mingi, Mungu anisamehe. Usitazame mgeni atakaa wapi, tazama anaingiaje na anatokaje. Kiswahili tunapanda kila kitu: twapanda gari, basi, boti, ngalawa, punda. Tukifika twashuka. Mwingereza anagawa. Gari dogo anaingia kwa kuinama, akakaa papo hapo alipoangukia, kwa hiyo kwake ni "in the car", na akitoka ni "get out of". Basi la abiria anapanda ngazi, anatembea katikati akitafuta kiti, hilo ni "on the bus", na akishuka ni "get off". Hakuna mtu juu ya paa.

Vyombo vya majini hivyohivyo. Mtumbwi na ngalawa unaingiza mguu mmoja, unachuchumaa, ukisimama mnapinduka wote: "in". Meli, kivuko, jahazi la kutembeza wageni, chenye sitaha mtu akatembea: "on". Ukitaka kuyaona yote kwa mara moja nenda pale Pangani, simama utazame kivuko kinavuka kwenda Bweni. Dereva aliyebaki kwenye usukani wa gari lake yuko "in the car", na gari na yeye wako "on the ferry".

Na ule ujumbe wako. Boti ikiwa "in the water" ni salama, maana yake imeshushwa, inaelea. Watu wakiwa "in the water" wanaogelea au wanakufa maji. Wewe uliandika "we". Ungeandika "the boat is in the water" wangekuja wanatembea.

MtuWaSahare

Shikamoo mwalimu. Hapo pa kuingia na kutoka nimepapata. Lakini boti yangu haina sitaha. Ina mabenchi, na mgeni akiinuka bila ruhusa namkaripia. Si ni ngalawa tu iliyotiwa mashine? Kwa hesabu yako inabaki "in", na mtoto kakosea.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Umenibana, na hapo kweli hapana mpaka wa msumari. Chombo cha kimo hicho utasikia yote mawili kutoka kwa haohao wenye lugha. Wakifikiria beseni la chombo, mtu kaketi humo, maji yameingia anayafua kwa kopo, watasema "in the boat". Wakifikiria safari na huduma, chai, samaki, jua la jioni, watasema "on the boat". Bango lako linauza huduma. Mtoto kashinda, ila kwa sababu ambayo hakuijua.

Mbona sisi tunasema "botini" halafu tunamaliza? Kwa sababu mzigo tumeutwisha kwingine: botini mna maji, botini pana mtu, botini kuna kelele. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia palepale unapolia wewe.

BahariaWaZamani

Naongeza kidogo. Msimwambie mwanamaji wa kivita wa Uingereza kwamba meli kubwa lazima iwe "on". Kwao mtu anatumikia "in" a ship, hata meli iwe na urefu wa kutoka bandarini mpaka Raskazone. Desturi yao ya zamani, hawaiachi. Abiria wa kawaida anabaki na "on".

Kwa bango, andika "on board" uondokane na kesi. Haina "the", na haimuulizi mtu kama chombo kina sitaha au mabenchi. Usiiandike "on the board" tu, hiyo ni ubaoni.

KahawaChungu

Chai na samaki ubaoni. Mimi ningekuja.

MtuWaSahare

Bango limeshapakwa: "Tea and fried fish on board". Chini yake nimeweka la ngalawa: "Two guests only in the canoe". Kijana kasoma mara mbili, kanyamaza, nikajua limepita.

"In the boat" ilikuwa herufi tisa, "on board" saba. Nilimdai fundi punguzo la herufi mbili, akasema bei tuliyopatana ndiyo hiyo, labda anifidie kwa rangi. Kanichorea samaki changu mwekundu pembeni. Kamchora anacheka.