PhD ya maliasili na mazingira nikiwa Dodoma, nianzie wapi?

Misitu_Dom: Habari wakuu. Mi ni afisa misitu huku kanda ya kati, masters nshamaliza SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine), saivi nataka PhD. Mada yangu ni athari za mabadiliko ya tabianchi Dodoma ila kila profesa nikimwandikia anasema pana mno au anakaa kimya. Nifanyeje? Na je niende nje au nibaki hapa?

Kinyasungwe: Mkuu hiyo mada haina swali ndani yake. Angalia bonde la Makutupora, pale tumechota maji ya mji wa Dodoma kwenye visima miaka nenda rudi, na vipimo vya kina cha maji ya chini ya ardhi vipo tangu miaka ya 1950, vinaonyesha mvua ya kawaida haijazi kitu chini, kinachojaza ni misimu michache ya mvua kubwa kama elninyo ya 1997/98, katikati hapo maji yanashuka tu. Sasa mji ndo makao makuu, watu wanaongezeka kila kukicha, je mafuriko ya mto yanaweza kuzuiwa yazame kwenye mchanga wake yakajaze maji ya chini? Hiyo peke yake ni PhD nzima.

Mrangi: We ni mtu wa misitu, njoo Kondoa. HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, majani na miti vikarudi, ila watu wakahama na ng'ombe zao na shida wakaenda nayo huko walikohamia. Leo ukipita vilima vya Irangi kuna korongo limeota nyasi mpaka chini, la jirani yake mvua ikinyesha kingo zinadondoka mabonge mekundu. Kwa nini hili limepona na lile bado? Na wazee waliohamishwa wahoji mapema jamani, tena kwa Kirangi, wanapungua.

DadaUtafiti: Kuhusu nje, hata ukisoma huko, fildi utarudi kufanya huku huku, na ruhusa utaifuata kwa barua ya chuo, mkoa, wilaya mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mi ningesajiliwa SUA au UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) halafu nitafute skolashipu inayokupeleka nje miezi kadhaa kwa ajili ya maabara. Profesa mwandikie kurasa mbili tu, taja andiko lake ulilosoma na useme wapi hukubaliani nalo, hapo atajibu.

Misitu_Dom: Asanteni sana, naenda na makorongo. Picha za anga za kipindi kile napata wapi?

Mrangi: Ulizia idara ya upimaji na ramani, wizara ya ardhi. Nenda mwenyewe, usipige simu.