Shemeji wa Magarini anataka vifaranga vya tilapia kutoka Nairobi. Nimpelekee?

MamaSamaki_Gikomba
Wadau, hamjambo. Nauza samaki Gikomba, tilapia na mbuta hasa. Nimeolewa na mtu wa Magarini, kaskazini ya Malindi, na mdogo wa mume wangu ni mvuvi wa nyavu karibu na Sabaki inapoingia baharini.

Tangu mafuriko ya 2024 amekuwa akinitumia picha za samaki anaowatoa huko. Ni tilapia. Nimemuuliza kama si wa mtoni, akaapa kuwa wavu ulikuwa baharini kabisa, nje ya fungu la mchanga.

Sasa amekuja na hoja yake: kama hawa wanajiishia baharini bila kufugwa, basi kwenye bwawa kando ya mikoko watastawi. Bwawa amekwisha kulichimba, maji yanaingia bamvua likijaa. Anataka nimnunulie vifaranga elfu moja kwa mzalishaji wa Kiambu, watiwe kwenye mifuko ya oksijeni, wasafiri na basi la usiku. Pesa ameshatuma.

Roho yangu haijatulia. Mume wangu anasema nimpelekee, ni ndugu. Nikikataa itaonekana nimembania riziki. Naomba kujua kwanza: tilapia anaweza kweli kuishi kwenye maji ya chumvi? Na akiweza, ubaya uko wapi?

Matamvua
Mama Samaki, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupakia. Nimesomea uvuvi, nitakueleza kwa urefu kidogo.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mwili wa samaki wa ziwani una chumvi kiasi cha robo tu ya hiyo. Akiwa ziwani maji humwingia bila kuyanywa, naye huyatoa kwa mkojo mwingi. Ukimtupa baharini mambo hugeuka: maji yanamtoka mwilini, anakauka huku akiogelea. Ili aishi inabidi anywe maji ya bahari na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Wengi wa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hawawezi.

Jamii ya tilapia inaweza, kwa viwango tofauti. Chumvi ikipanda polepole, kwa siku kadhaa, matamvua yao hujenga chembechembe za kuitoa. Tilapia wa Msumbiji huzaa hata kwenye maji ya bahari kamili. Tilapia wa Nile, ambaye ndiye anayefugwa Kiambu na kwingi nchini, yuko chini yake: hadi gramu 15 hivi kwa lita anaendelea vizuri, zaidi ya hapo anadhoofika, na ukimtumbukiza ghafla kwenye bahari kamili anakufa.

Basi mbona shemeji anawakuta? Angalia majira. Sabaki ikifurika, maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hutanda juu na kusambaa mbali. Ule wekundu unaoonekana Malindi wakati wa mvua ndiyo hayo maji. Samaki aliyesombwa anaweza kuogelea humo bila kuionja chumvi yote. Mvua ikikatika, anayekawia nje hufa, na mwingine huponea kwenye mikono ya mto na kwenye mikoko, ambako chumvi si kali. Hao wanaopona ndio wa kuwaogopa.

Na wanatoka wapi? Mto Nairobi, Mbagathi na Ruiru yote inaingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo inakuwa Galana, na Galana ndiyo Sabaki. Tangu serikali ilipochimbisha mabwawa ya samaki mwaka 2009, bwawa la Kiambu likifurika linaweza kumwaga vifaranga kwenye njia hiyo. Wa upande wa Thika na Murang'a wao wanaelekea Tana. Sisi wa huku juu tunahusika kuliko tunavyojua.

Ila kabla hatujamlaumu tilapia wa Nile, mwombe shemeji akupigie picha ya mkia uliotandazwa. Wa Nile ana mistari myembamba ya wima iliyopangika mkia mzima. Athi na Sabaki zina tilapia wao wa asili, *Oreochromis spilurus*, ambaye hana mistari hiyo na anavumilia chumvi sana. Saudia na Kuwait wamemfuga kwenye maji ya bahari. Ikiwa anaowakuta ni hao, basi si wageni hata kidogo, ni wenyeji wa mto ule.

BiasharaKwanza
Jamani, watu wana njaa. Mvuvi amepata wazo la kujiinua na sisi tunamwekea vikwazo. Mama, nunua vifaranga vya madume matupu, wazalishaji wengi wanavyo. Madume hayazai, shida imekwisha. Samaki ni chakula popote alipo.

Matamvua
Njaa ni ya kweli, sikatai. Lakini madume hayo hupatikana kwa kuwalisha vifaranga homoni wakiwa wadogo sana, na karibu kila mara hubaki majike wachache kati yao. Katika elfu moja, majike wachache wanatosha. Jike la tilapia wa Nile hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo hata moja likitoroka limebeba, limetoroka na kizazi. Hata dume peke yake si salama, maana anaweza kupanda majike wa tilapia wa asili. Tanzania watafiti wamekuta sato, ndiye huyu wa Nile, amechanganya mbegu na perege wa asili katika mito kadhaa. Na bwawa linalojazwa na bamvua halina namna ya kufungwa. Maji yanayoingia ndiyo njia ya kutokea.

MwanaZiwa
Mimi ni wa Homa Bay, naishi Umoja. Babu yangu alivua ngege wa asili, yule *esculentus*, kwa nyavu za kutengeneza mwenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa Ziwa Victoria tilapia wa Nile na mbuta, kwa nia hii hii ya kuongeza chakula. Ni kweli mbuta ameleta pesa na viwanda. Lakini ngege wa babu leo ziwani lenyewe ni kama hayupo, amebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni, na fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa aina nyingi sana wamepotea. Wajukuu wangu watamwita ngege samaki mwingine kabisa. Linaniuma kila nikilifikiria. Usipeleke, dada.

NyumbaniNiUtawala
Niko Maryland kwa kazi, nyumbani Utawala. Hapa kuna ghuba kubwa ya Chesapeake, nusu chumvi nusu baridi. Miaka ya 1970 na 1980 waliachia kambare wa buluu kwenye mito ya jimbo jirani la Virginia, wakiwaletea wavuaji wa ndoana burudani. Kwao hasa ni mto Mississippi na matawi yake. Wengi walitegemea chumvi ya ghuba itawazuia. Miaka ya mvua nyingi ikawa inawafungulia njia kutoka mto mmoja hadi mwingine, na sasa wamejaa. Wengine wanapita kilo 45, na wanakula hata kaa wa buluu ambao ndio biashara ya wavuvi wa hapa. Machi 2023 gavana, Wes Moore, aliiomba serikali kuu itangaze hali hiyo kuwa janga la uvuvi. Wanahimiza watu wawale, wanauzwa madukani, na bado hawaishi.

BiasharaKwanza
Hilo la bwawa lisilofungika limenigusa, nakubali. Lakini mtu amechimba bwawa kwa jasho lake. Mkimwambia asiweke tilapia, mwambieni aweke nini.

Kombo_wa_Ngomeni
Hapo umeuliza la maana, ndugu. Shemeji yetu, karibu. Mimi ni wa huko huko, nimo Nairobi kwa muda tu.

Mwambie aweke mwatiko, Waingereza humwita milkfish. Pwani ya Kilifi na Kwale kuna vikundi vinavyomfuga kwenye mabwawa ya namna hiyo hiyo. Ni samaki wa bahari kwa asili, anavumilia maji baridi na chumvi kali kuliko ya bahari, hula mwani unaoota chini ya bwawa, na vifaranga vyake vinaletwa na bahari yenyewe kwenye vijito vya mikoko. Akitoroka, amerudi kwao.

Na hili la tilapia na mwatiko si la kubahatisha. Nauru, kisiwa cha Pasifiki, watu walifuga mwatiko tangu mababu. Miaka ya 1960 wakaletewa tilapia wa Msumbiji. Tilapia wakajaa mabwawani, wakagombania chakula na mwatiko, mwatiko wakadumaa, na wafugaji wengi wakaacha ufugaji. Shemeji akiweka tilapia wake, hatajiharibia peke yake. Atawaharibia jirani zake wenye mwatiko na kamba.

Tahadhari moja: mwatiko ana miiba mingi midogo, mnunuzi wa Nairobi hamjui. Soko lake liko pwani.

MamaSamaki_Gikomba
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, na mume wangu nimemsomea. La Nauru ndilo lililomnyamazisha. Vifaranga sinunui.

Nimebaki na mambo mawili. Nimwambieje shemeji bila kumvunja moyo, maana alikuwa na furaha sana? Na hao anaowanasa sasa afanye nao nini? Amekuwa akiwarudisha majini wakiwa hai, anasema wasubiri wakue.

Kombo_wa_Ngomeni
Usimwambie kwa simu wewe peke yako. Mpe mume wako aanze, yeye ni kaka mkubwa. Pesa yake irudi siku hiyo hiyo, kamili, ili asidhani mnaizungusha. Kisha mpe jina la mwatiko papo hapo, asibaki na "usifanye" bila "fanya". Ofisi ya uvuvi ya kaunti huko inajua vikundi vya wafugaji, aende akaone bwawa lililofanikiwa kwa macho yake.

Mkumbushe pia, kwa upole, kwamba kuhamisha samaki hai na kuwaachia kwenye maji mengine kunahitaji kibali. Kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Basi la usiku si kibali.

Matamvua
La pili: mwenye mistari mkiani asirudishwe majini. Ale au auze, ni samaki safi. Asiye na mistari amrudishe kama ni mdogo, huyo ni wa pale.

Na kabla ya kupika, apige picha tatu: ubavu mzima, mkia uliotandazwa, na samaki kando ya rula au kitu chenye urefu unaojulikana. Aandike tarehe, mahali, na kama maji yalikuwa mekundu au maangavu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko anavyodhani. Tilapia wa Nile kwenye maji mekundu ya mafuriko tunamwelewa. Akimpata Januari au Februari, mvua imekatika na bahari iko safi, hiyo ni habari nyingine kabisa, ina maana kuna wanaokaa. Apeleke picha kwa BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wao wazifikishe KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa. Akipata jike mwenye mayai au watoto mdomoni, asimpike. Amweke kwenye barafu, apige simu siku hiyo hiyo.